Mimi Sisapoti Msanii Yeyote

Niseme mapema tusije tukakosana katikati: mimi sisapoti wasanii. Sijawahi, na sina mpango. Kila wikendi nikishika simu nakutana na bango lile lile lililobadilishwa rangi: tusapoti vya kwetu, tusapoti talanta, njoo usapoti ndugu yako anazindua albamu. Na kila nikiliona nasikia kulala. Si eti sipendi muziki wa kwetu. Naupenda sana, ndiyo maana sitaki kuuona umesimama mlangoni na kikombe mkononi.

Mimi ni shabiki, na shabiki si msapoti. Angalia tunavyolitumia hilo neno. Unamsapoti binamu yako aliyefungua kinyozi mtaani hata kama anakuacha na kichwa kama ramani. Unasapoti timu ya shule yako ya zamani ikipigwa sita bila. Unamsapoti mtu akifiwa. Sapoti ni ya mtu aliyelemewa, na ukishaitoa unajiona mtu mzuri. Kwa hivyo ukienda shoo kusapoti, shujaa wa usiku huo ni wewe, si aliye stejini. Yeye amefanya mazoezi miezi mitatu, wewe umevaa viatu ukaja, na bado yeye ndiye anayekushukuru. Manze, hiyo si heshima.

Ngoja nitaje vitu ninavyovipenda, ili mjue sisemi haya kwa chuki.

Napenda Duma, watu wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka kwenye metal ya Nairobi. Albamu yao ya 2020 inasikika kama jenereta inayogombana na mhubiri wa stendi, na mwisho wake huwezi kusema nani ameshinda. Napenda KMRU, ambaye anachukua sauti ambazo sisi hatuzisikii tena, mvua, waya, chumba kitupu, anazivuta taratibu mpaka unagundua umekaa kimya saa nzima bila kugusa simu. Napenda Just a Band tangu enzi za Makmende. Napenda kitabu kidogo cha michoro kilichofungwa kwa stepla, chenye ukurasa mmoja uliobandikwa juu chini, kwa sababu najua kuna mtu alikaa usiku kucha akikikunja kwa mkono. Napenda mchekeshaji ambaye hajulikani, katika ukumbi wa viti vya plastiki, akijaribu kichekesho ambacho hakijaiva, na unaona usoni mwake akitafuta mahali pa kukigeuza.

Hivi vitu havihitaji huruma yangu. Vinanipa kitu ambacho sikipati kwingine. Hiyo ni biashara ya haki, na deni liko upande wangu.

Mkumbuke Makmende. Mwaka 2010 Just a Band walitoa video ya “Ha-He”, jamaa wa afro anapiga watu kwenye vumbi kama filamu za zamani, na nchi nzima ikashikwa. Watu wakatengeneza mabango yao, vichekesho vyao, majalada ya magazeti ya uongo. Mtu alituambia tusapoti? Hakuna. Tulipenda kwanza, mambo mengine yakafuata. Lakini jiulize pia: kati ya wote waliosambaza vichekesho vya Makmende, ni wangapi walinunua “82”, albamu yenye wimbo wenyewe? Jibu baki nalo. Mimi nalijua la kwenye meza yangu ya marafiki, na halifurahishi.

Sasa kuna msee ameshaanza kusema: Wakenya hawalipii sanaa, ndivyo tulivyo. Uongo. Simama stage ya Rongai jioni. Kuna gari lisilo na sura limebakisha watu wanne lijae. Nyuma yake kuna nganya mpya, imechorwa kutoka taa hadi bampa, muziki unatikisa vioo. Utaona mtu mzima, mwenye ofisi na mkoba wa laptopu, akiruka lile gari tupu kungoja nganya, akijua kabisa huenda akaongezewa finje juu. Huyo amelipia uchoraji. Amelipia na uteuzi wa muziki. Na mwenye nganya hajamsapoti mchoraji. Amemlipa, kwa sababu anajua gari lenye sura linajaza. Sheria za Michuki za 2004 zilileta mstari wa manjano na kufukuza michoro barabarani, lakini mapenzi hayakufa. Baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliposema vijana waachwe wachore, rangi zilirudi kwa nguvu zote.

Kwa hivyo tunalipia sanaa, asubuhi na jioni, tena tukiwa tumesimama. Tofauti ni kwamba hakuna aliyetufundisha kuiona nganya kama mradi wa huruma.

Na kulipa si jambo tulilojifunza juzi. Miaka ya 1970, River Road ilikuwa na maduka ya santuri, wimbo mmoja kila upande: benga ya D.O. Misiani, nyimbo za Joseph Kamaru, na wengine kibao. Aliyenunua alikuwa mtu wa kawaida, mwenye mshahara wa kawaida. Hakuwa anasapoti benga. Alitaka benga iwe nyumbani kwake Jumapili. Halafu zikaja kaseti, na nyuma ya kaseti zikaja nakala za wizi, halafu CD za kuchomwa, halafu mtu wa duka la simu anayekujazia nyimbo mia kwenye flashi. Taratibu tukazoea kwamba muziki ni kitu cha kuchukua, na tulipozoea vya kutosha tukatafuta neno la kupooza dhamira. Neno lenyewe ni sapoti: leo nachukua, kesho nitasapoti.

Yule Joseph Kamaru alifariki 2018. Mjukuu wake, mwenye jina lile lile, ndiye KMRU niliyemtaja, na ndiye anayezirudisha nyimbo za babu yake sokoni kupitia Bandcamp. Pale unaweka pesa, unapata faili, ni yako. Bandcamp inakata asilimia 15 kwa muziki wa kupakua na asilimia 10 kwa bidhaa kama santuri na fulana, na kuna Ijumaa fulani, tangu 2020, ambazo haikati fungu lake kabisa. Linganisha na Spotify, ambapo tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi 12 hauhesabiwi kabisa kwenye malipo. Msanii wa pembeni mwenye nyimbo kumi, kila moja ikiwa na wasikilizaji wachache waaminifu, anaweza kumaliza mwaka mzima bila senti. Wewe unamwambia, “nakusikiza kila siku, mimi ni sapota wako namba moja.” Sawa. Kasuku pia anamsikiliza kila siku.

Na tuangalie nani ananunua. Albamu ya Duma ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. “Peel” ya KMRU, 2020, ilitolewa na Editions Mego ya Vienna. Yaani sauti zilizotoka Nairobi zilipata nyumba kwa majirani na kwa wageni. Yule kijana wa Ulaya anayenunua santuri ya Duma hajui Rongai iko wapi, na hajali kusapoti talanta ya Kenya. Anataka kelele ile masikioni mwake, basi. Sisi tulio na wasanii mtaa wa pili ndio tunatoa hotuba.

Mtasema: lakini mbona kuna vitu vizuri vya bure? Kweli vipo, na nilivila kwa furaha. Shujaaz ilianza 2010, komiki ya Sheng iliyokuja ndani ya gazeti, ikashinda hadi tuzo ya kimataifa ya Emmy. Kwa mara ya kwanza wengi wetu tuliona mtu aliyechorwa akiongea kama sisi. Lakini bure ina mwenyewe. Wahisani na washirika walilipa, nao walitaka vijana wasome kuhusu kilimo, afya, pesa, amani. Mimi sina ubaya na kilimo. Ila anayelipa ndiye anayeweka mada mezani. Ukitaka komiki ya mapenzi ya kondakta na muuza mutura, isiyo na somo mwishoni, isiyo na namba ya kupigia ushauri, lazima wewe ndiye uilipie. Hakuna mhisani atakayekuandikia bajeti ya upuuzi mtamu.

Kumbi ni vivyo hivyo. Ukipenda muziki usio wa redio hapa mjini, Alliance Française na Goethe-Institut ni kama nyumbani kwa shangazi. Nawashukuru kwa moyo wote. Lakini fikiria maana yake: mlipa kodi wa Ufaransa au Ujerumani amekununulia kiti ili umsikilize mtu wa Umoja. Siku yule mlipa kodi akichoka, wewe utamwambia nini mtu wa Umoja? Kwamba ulimsapoti?

Twende kwa vichekesho, maana huko ndiko naumia zaidi. Piga hesabu na mimi. Ukumbi mdogo, watu 80, tiketi soo tano. Kukijaa na wote wakalipa, ni elfu arobaini. Toa ukumbi, toa sauti, toa mtu wa mlango, toa bango. Kinachobaki wanagawana wachekeshaji watano na aliyepanga usiku wote. Sasa nusu ya ukumbi wameingia kwa list, kwa sababu “mimi na Brayo tulisoma pamoja”. Imebaki elfu ishirini, na gharama hazijapungua hata shilingi. Yule aliyekuchekesha mpaka ukashika mbavu anarudi nyumbani na pesa ya nauli na chips. Na wewe wa list ndiye unayenunua shoti za thao moja baada ya shoo, ukisema kwa sauti kwamba ulikuja kusapoti.

Usisahau simu. Mchekeshaji anajenga dakika tano kwa miezi. Anazipeleka ukumbi huu, anakata neno, anazipeleka kule, anabadilisha mwisho. Wewe unarekodi zikiwa mbichi, unazitupa mtandaoni, “sapoti kijana wetu”, na siku anapozileta zimeiva kila mtu ameshazisikia zikiwa vibaya. Umemla mbegu ukidhani unamwagilia.

Neno hili lina sumu nyingine, na hii inawagusa wasanii wenyewe. Sapoti inaua ukweli. Ukienda kusaidia huwezi kusema chakula hakina chumvi. Ndiyo maana tuna wachekeshaji wanaosimama miaka kumi na mzaha wa lafudhi za makabila, huyu anapenda pesa, yule anapenda samaki, na tunacheka kwa adabu kwa sababu ni wetu. Nchi hii iliwahi kuwa na Redykyulass, vijana watatu waliomwigiza Moi akiwa bado Ikulu. Kipimo tunacho. Vivyo hivyo kwa bendi zinazoandika saa moja kwenye bango na kuanza kujaribu maiki saa tatu. Aliyelipa ana haki ya kuuliza mbona. Msapoti ana haki ya kutabasamu tu. Binafsi nimewahi kumwambia mchoraji kwamba kitabu chake cha pili kilikuwa kivivu, mikono yote imefichwa mifukoni kwa sababu hataki kuichora. Hakufurahi. Lakini nilikuwa nimenunua vyote viwili, na alijua siongei kama mtu wa pembeni. Kitabu cha tatu kimejaa mikono.

Na kuna pale mambo yanapokuwa mazito. Juni 2024 tulipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, tulibeba sanaa kama ngao. “Anguka Nayo” ya Wadagliz, wimbo wa kudensi tu, ukawa wimbo wa maandamano. Michoro ilisambaa kuliko hotuba. Mwezi Desemba mwaka huo huo, mchoraji Gideon Kibet, tunayemjua kama Kibet Bull, aliyekuwa akichora vivuli vya rais, akatekwa nyara. Alipatikana huru Januari 2025. Tulipiga kelele, na ilikuwa haki kupiga kelele. Lakini tazama mgawanyo wa kazi: mchoraji aliweka mwili wake, sisi tuliweka kidole gumba. Sisemi kununua picha kungemkinga na mtu yeyote. Nasema msanii mwenye wanunuzi mia tano ana kodi ya nyumba, ana pesa ya wakili wa kuanzia, ana sababu ya kukataa kazi ya kusifu wakubwa ikiletwa na bahasha. Msanii mwenye wafuasi laki tano na bila mnunuzi ana makofi. Makofi hayalipi dhamana.

Halafu kuna lile tunalolijua wote na hatulisemi. Ni lini tunawatumia wasanii wetu pesa bila kuombwa mara mbili? Wakiugua. Wakifa. Bango linabadilika, badala ya tarehe ya shoo kuna namba ya paybill, na ghafla sote tuna thao. Mtu aliyekataa tiketi ya soo tano anatuma elfu ya jeneza, na anaweka picha ya meseji ya M-Pesa ionekane. Tunalipia mazishi kwa moyo mweupe kuliko tunavyolipia kazi. Hapo ndipo sapoti inatupeleka: msanii anastahili pesa zetu akiwa amelala tu.

Najua jibu lenu. Hakuna pesa. Uchumi umekaba, vijana hawana kazi, mafuta juu, unga juu. Ni kweli, na sizungumzi na yule ambaye soo ni chakula chake cha kesho. Huyo asikilize bure, acheke bure, aangalie mchoro kwenye ukuta wa mtaa bure, na asiombe radhi kwa yeyote. Sanaa ni yake pia. Nazungumza na mimi na wewe tuliolipia bando, tukaweka mkeka Jumamosi timu sita na ya mwisho ikatuchoma, tukanunua mzinga wa kugawana. Pesa ipo. Tumeipanga tu kwa namna ambayo sanaa iko mwisho, baada ya boda ya kurudi.

Wengine watasema: lakini vitu vyenyewe si vizuri. Basi usinunue! Hilo ndilo ninalolitaka. Usinunue kibaya kwa sababu ni cha kwetu. Kaa na hela yako mpaka upate kitu kinachokufanya ushuke matatu kabla ya stage yako ili umalizie wimbo ukitembea. Ukikipata, lipa kama mtu mzima.

Michael Soi ananifurahisha kwa hili. Mbali na picha zake kubwa, kama zile za “China Loves Africa”, anachora pia kwenye mifuko ya kubeba begani. Mtu asiye na ukuta wa kutundika picha anaweza kutembea na Soi sokoni. Hakuna anayeununua kwa kumhurumia. Wanaununua wauringe. Maringo ndiyo pesa ya kweli ya ushabiki. Nataka tuwe na maringo: huyu mimi nilimlipia kabla hamjamjua, hii nakala nina mkono wa mwenyewe, hii shoo nilikuwa safu ya pili.

Kwa hivyo wasanii, nawaomba kitu kimoja, na ni rahisi. Ondoeni hilo neno kwenye mabango. Andikeni bei, kubwa, isomeke. Andikeni saa, na muanze saa hiyo. Msiseme “chochote utakachojaliwa”. Hiyo ni lugha ya sadaka. Mkisema picha ni thao mbili, semeni mkiwa mmenyooka, na atakayesema ghali mwacheni apite, kama anavyopita kando ya kiatu ambacho hakimtoshi.

Na sisi mashabiki: tulipe mlangoni, hasa kama tunamjua Brayo. Simu mfukoni mchekeshaji akiwa kazini. Ukisambaza mchoro, acha sahihi ya mchoraji ilipo. Ukipenda wimbo, nunua faili mara moja badala ya kutuma moyo mwekundu mara mia. Kitu kikiwa kibaya, sema, kwa sababu umelipia haki ya kusema. Kikiwa kizuri, sema pia, lakini usimalizie na “tumsapoti”. Malizia na bei na mahali kinapopatikana.

Mimi mwezi ujao nina tiketi mbili na kitabu kimoja cha michoro kwenye bajeti, baada ya kodi na kabla ya mkeka. Mkinikuta kwenye foleni, msinishukuru kwa sapoti. Sijaja kumsaidia mtu. Nimekuja kucheka, na nimelipa, kwa hivyo huyo jamaa wa stejini afadhali awe amejipanga.